Mkuyu Wako, Jiwe Langu

Bwawani, Jumapili, tarehe 4

Mdogo wangu Spoku,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kutoka kwa kuku, maana wameongezeka na sasa wanajiona ndio wenye nyumba. Mimi sijambo. Goti ndilo lenye mambo, lakini tumeshazoeana.

Daraja limefungwa na hakuna anayejua litafunguliwa lini. Nimemshonea suruali mmoja wa wale mafundi wanaolitengeneza, nikamdodosa wakati wa kumpima, akasema hata wao hawajui. Kuja kwako sasa ni mpaka kuzunguka mjini, kutwa nzima ndani ya basi, na goti hili nikilikunja kutwa nzima halikunjuki tena. Na wewe huji, unasema baiskeli za watu zimekujazia karakana. Sawa, baiskeli ni watu, mimi ni dada tu.

Basi nimepata wazo. Kati ya bwawa hili na mto wako hakuna umbali. Upepo ukivuma huku nasikia mashine ya kusaga ya mtaani kwako. Katikati ni kinamasi tu, na mvua hizi zimekijaza. Baba alikuwa akikipita kila Jumamosi kwa mtumbwi, na mtumbwi wake bado ninao. Nimeuziba nyufa kwa lami, na hauvuji sana.

Njia naijua kama kiganja changu. Nilikuwa nakaa katikati ya mtumbwi nimevikumbatia vyungu vya Baba visigongane. Unaondoka pale kwenye jiwe la kufulia, unaingia mkondo mweusi wenye kina. Unakutana na mkuyu ulioinamia maji, una alama ya shoka ya Baba, unauacha mkono wa kulia. Kisha unafika kwenye kichuguu kikubwa kilichosimama katikati ya maji. Hapo tulikuwa tunapumzika na kula. Baada ya kichuguu mkondo unapanuka mpaka ngazi za soko la zamani, na hapo tayari upo mtoni.

Matete yameziba sana. Wewe kata kuanzia kwenye ngazi, mimi nakata kuanzia huku, tukutane kichuguuni. Tukimaliza, tutakuwa tunatembeleana kama binadamu.

Barua nampa yule muuza maziwa wetu, Kengele, ambaye mafundi humvusha darajani kwa kamba pamoja na madebe yake; goti langu halithubutu. Mpe majibu akirudi.

Dada yako,
Mkasi


Mtoni, Alhamisi, tarehe 8

Dada Mkasi,

Barua imefika ikinuka maziwa. Wazo lako limenifurahisha mpaka nimefunga tairi la mteja kinyumenyume. Mvuvi jirani yangu amekubali kuniazima mtumbwi wake mdogo, kwa hiyo nami nina chombo.

Ila kuhusu njia, Dada, hapo umeteleza. Hatuanzii kwenye ngazi za soko. Unaingilia pale kwenye nyumba ya pampu, chini ya shule yangu ya zamani. Baba alikuwa akinichukua hapo Jumamosi mchana, tunapita mfereji mwembamba ndani ya matete, maji yanafika magotini tu. Tunafika kichuguuni, tunakula. Hapo tunakubaliana. Mbele yake kuna jiwe kubwa lenye umbo la kiatu, Baba alilichonga alama kwa shoka. Halafu linakuja tuta la mchanga. Baba anashuka, anavuta mtumbwi, mimi nasukuma nyuma, tunaudondosha upande wa pili na kutokea kwenye matete nyuma ya nyumba.

Mkuyu siukumbuki kabisa, na mimi ningekuwa nimepita chini ya mkuyu mara zote hizo ningekuwa nimeshaanguka kutoka juu yake. Unanijua.

Hebu fikiri vizuri, kisha uniandikie. Njia ya mwongo fupi, na yako naiona fupi mno.

Halafu hujaniambia kuku wanaendeleaje.

Mdogo wako,
Spoku


Bwawani, Jumapili, tarehe 11

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikacheka. Nimeisoma mara ya pili nikaacha kucheka.

Nyuma ya nyumba hapajawahi kuwa na njia ya maji. Nimezaliwa hapa na bado nipo hapa, nyuma ya nyumba ni matete na vyura. Na mtumbwi wa vyungu, Spoku, unaburutwaje juu ya tuta? Tungefika sokoni na vigae. Baba aliyekuwa akinigombeza nikipiga chafya ndani ya mtumbwi, leo auburute juu ya mchanga?

Jiwe la kiatu silijui. Na linalonitia hofu zaidi ni hili: wewe hukuwahi kupanda mtumbwi ule. Jumamosi ulikuwa shule, huko ng'ambo, kwa Mjomba. Nyumbani ulikuwa ukija na lori la mchanga. Mimi na Mama tulikuwa tukirudi jioni kwa barabara kutoka sokoni, tunakukuta umeshafika, umelala, miguu ina tope.

Sikuandikii kwa ubishi. Nakuuliza tu, unalala vizuri? Unakula?

Kuhusu kuku, nilikuambia mstari wa kwanza kabisa.

Dada yako,
Mkasi


Mtoni, Jumanne, tarehe 13

Binti yangu mpenzi,

Najua hospitali haikupi nafasi ya kupumua, lakini wewe ni nesi na mimi sina mwingine wa kumuuliza.

Shangazi yako ananitisha. Tulikuwa tunapanga njia ya mtumbwi kati ya bwawani na huku, jambo la furaha, na katika kupanga nikagundua kwamba anakumbuka vitu ambavyo havikuwepo. Anasema kuna mkuyu. Hakuna mkuyu. Anasema mtumbwi ulijaa vyungu. Mwanangu, nimepanda mtumbwi ule utoto wangu wote na sikuona humo hata kifuniko cha chungu, ulikuwa mtupu kabisa, mimi na Babu yako tu. Yeye mwenyewe hakuwemo, Jumamosi alikuwa sokoni na Bibi yako. Sasa ananiambia mimi ndiye sikuwemo.

Bibi yako alianza hivihivi, wewe ulikuwa mdogo. Alianza kwa kusimulia safari ambazo hakusafiri. Hatukumjali, tukawa tunamcheka. Baadaye akawa ananiita kwa jina la Mjomba, kaka yake, na mwisho hakuniita kwa jina lolote.

Shangazi anakaa peke yake, na jiko la mkaa, na bwawa mlangoni. Nifanye nini? Usimwambie kwamba nimekuandikia.

Na jambo moja nakuuliza kama nesi, si kama binti. Mtu akiwa anasahau vitu vidogo, tuseme alipoweka miwani, ndio imeshaanza, au ni uzee tu? Nauliza kwa ajili ya mteja mmoja.

Baba yako


Bwawani, Jumatano, tarehe 14

Mwanangu nesi,

Shikamoo naipokea kabla hujaitoa. Nakuandikia kwa siri, na nakuomba iendelee kuwa siri.

Baba yako amechanganyikiwa. Neno hilo nimelifuta mara moja, nikaliandika tena. Anasimulia safari za mtumbwi ambazo hakuwahi kusafiri, jiwe la kiatu, tuta la mchanga, njia inayotokea nyuma ya nyumba yangu mahali ambapo hata bata hapiti. Nilimweleza habari za kuku, akanijibu kwamba sijamweleza habari za kuku.

Lakini ngoja nikuambie lililonikosesha raha. Jana nilikwenda nyuma ya nyumba nikayatazama yale matete, nikasimama muda mrefu. Nikajiuliza, je kama ni mimi? Maana mmoja wetu amekosea, na aliyekosea ndiye anayemfuata Bibi yako. Bibi yako naye alikuwa na uhakika kama mimi. Alikuwa akiapa. Mimi wiki iliyopita nimeshona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia, na nimekuwa fundi cherehani tangu baba yako hajaota ndevu. Nilifumua kabla mwenye nguo hajaja, hakuna aliyeona.

Mwanangu, ikiwa ni yeye nitaumia. Ikiwa ni mimi nitaogopa. Sijui niombe lipi.

Shangazi yako


Mjini, Jumamosi, tarehe 17

Kwa Baba na kwa Shangazi,

Shikamooni. Nimeandika barua moja nikainakili, kwa sababu nimetoka zamu na sina nguvu za kutunga mbili.

Mmoja wenu ameniandikia akiwa na wasiwasi juu ya mwenzake. Sisemi nani. Nimesoma nikamwamini kabisa. Halafu nikapata habari nyingine, nikaiamini nayo kabisa. Mwishowe nikachukua kipimo cha presha nikajipima mwenyewe.

Mimi huo mtumbwi nauona kwenye picha moja tu, umeegemezwa kwenye ukuta na Babu amesimama kando hajacheka. Siwezi kuamua habari za mkuyu wala jiwe. Ninachoweza kusema ni kwamba kusahau miwani si ugonjwa, na kukosea mkono wa gauni si ugonjwa. Nitachukua likizo mwisho wa mwezi nije niwaone wote wawili, tuzungumze taratibu. Mpaka hapo naomba jambo moja. Asiingie mtu kwenye kinamasi. Nawajua. Nasema tena, asiingie mtu.

Binti yenu


Mtoni, Jumatatu, tarehe 19

Dada,

Nimefikiri, na naona tuache habari ya njia. Maji yenyewe yameanza kupungua. Daraja litafunguliwa tu siku moja, tutaonana kwa basi kama watu wengine. Usikate matete, utajiumiza.

Na mkuyu, pengine ulikuwepo. Mimi nilikuwa mtoto.

Spoku


Bwawani, Alhamisi, tarehe 22

Mdogo wangu,

Umesema vema, tuache. Mimi panga nimeshalirudisha darini. Siendi popote, nina magauni ya kwaya ya kumaliza.

Na jiwe lako, pengine lilikuwepo. Mimi nilikuwa nawaza vyungu.

Dada yako


Mtoni, Jumamosi, tarehe 24

Spoku,

Barua hii naiandika mezani kwako, kwa kalamu yako, nimeketi kwenye kiti chako kibovu. Nakuomba radhi kwa kukudanganya, lakini nilishindwa. Maji yanapungua, na yakikauka nisingejua tena mpaka mvua nyingine, na mpaka mvua nyingine huenda nisingekuwa na akili ya kujua. Nilitoka alfajiri. Nilijiambia kwamba mkuyu usipokuwepo, nitarudi nyumbani na kumwandikia mwanao anitafutie mahali pa kutunzwa.

Mkuyu upo, mdogo wangu. Umezeeka, tawi moja limevunjika, lakini alama ya Baba ipo palepale. Niliushika, na nililia sauti kubwa, ndege wakaruka. Nilifika kichuguuni jua halijawaka vizuri, nikapita bila kusimama.

Furaha haikufika mbali. Katikati ya mkondo nikakumbuka kwamba kama mimi nipo sawa, basi ni wewe. Nikapiga kasia kwa hasira, ili nifike nikuchukue nikulete nyumbani, upende usipende.

Sasa nimefika na wewe hupo. Ufunguo umeufunga kwa mpira wa tyubu kwenye kitasa chenyewe, mwizi angekushukuru. Ndani nimekuta kikombe kimefungwa tyubu kwenye bomba, miwani imefungwa tyubu kwenye kiti, na kiberiti kimefungwa kwenye jiko kama mbuzi. Mwanzo nilicheka. Kisha nikaelewa kwamba mtu hafungi vitu vyake hivyo kama haogopi. Ungeniambia, Spoku. Ni mimi niliyekufundisha kufunga kamba za viatu.

Jirani yako mvuvi ameniambia umechukua mtumbwi wake asubuhi na kwenda upande wa nyumba ya pampu. Nimechechemea mpaka pale. Nimeona matete mabichi yaliyokatwa yanaelea, na mfereji mwembamba umeingia ndani, maji ya magotini, kama ulivyoandika. Nimesimama hapo kama nguzo. Ulisema mtumbwi haukuwa na vyungu. Bila shaka haukuwa navyo, vilikuwa vimeshauzwa. Baba alirudije nyumbani, mimi sijawahi kujiuliza hata siku moja. Tulikuwa tukiukuta mtumbwi umeshaegemezwa ukutani na wewe umelala, miguu ina tope; lori la mchanga nililidhani tu.

Kesho asubuhi narudi kwa njia yako, nilione hilo jiwe. Wewe kaa hapohapo, usitoke. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mguu mmoja mbovu unatutosha katika ukoo.

Dada yako,
Mkasi


Bwawani, Jumamosi, tarehe 24

Dada,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwako, bila miwani, usishangae mistari ikipanda mlima, na wewe sijui uko wapi, na mtumbwi wa Baba haupo.

Nilikudanganya kwamba nimeacha. Nilikuwa nakuja kukuchukua. Nimeshakutengenezea kule kwangu meza ya cherehani karibu na dirisha, utaikuta siku ukija. Lakini nisikufiche, nilikuja pia kwa ajili yangu. Siku hizi nasahau, Dada. Nafungua breki ya mtu kisha nasimama nimeishika, sijui nilitaka kuifanya nini. Nilitaka kuliona jiwe kwa macho yangu kabla sijaambiwa na daktari kwamba nililitunga.

Jiwe lipo. Ni kiatu kabisa, mpaka kisigino. Na tuta lipo, nikaburuta mtumbwi peke yangu, mgongo ukanikumbusha kwamba Baba hayupo tena. Nimetokea kwenye matete nyuma ya nyumba, kuku wako wakakimbia kama wameona serikali.

Nilikuita, hukuitika. Nikaingia. Nikaona ulichoandika kwa chaki ya kupimia nguo: juu ya jiko ZIMA, mlangoni FUNGA, juu ya ndoo HAYA YAMECHEMSHWA. Nilikaa chini, Dada. Nikajua jiwe langu limenithibitishia jambo nisilolitaka, kwamba aliyepotea ni wewe. Halafu ukawa hupo, na mtumbwi haupo, na mimi nikakimbia mpaka kwenye jiwe la kufulia.

Pale nikaona ulivyokata. Mkondo ni mweusi, una kina kweli, nimechomeka upondo haukugusa chini. Nimeutazama mpaka nikakumbuka ulichoandika, kwamba mtumbwi wa vyungu hauburutwi. Hauburutwi. Mwenye mzigo atapita kwenye kina, na mwenye mtumbwi mtupu atakata njia ya mkato. Baba hakutuambia kwa sababu hatukumuuliza, na mzee yule maneno alikuwa akiyauza ghali kuliko vyungu.

Kama umefika kwangu, kaa hapo, usitoke. Kesho asubuhi nakuja kwa njia yako, nipite chini ya mkuyu. Kuku nimewapa chakula. Naandika ili nisije nikawapa tena.

Mdogo wako,
Spoku


Bwawani, Jumatatu, tarehe 26

Mwanetu nesi,

Anayeandika ni mimi Shangazi yako, kwa kuwa baba yako miwani yake imefungwa kwenye kiti mtoni. Yeye ananisemea, mimi naandika, na pale anapodanganya narekebisha.

Tuliingia kwenye kinamasi. Tusamehe. Uliandika mara mbili tusiingie, na ukweli ni kwamba mara ya pili ndiyo ilinipa wazo.

Jumamosi tulipishana. Mimi nilikwenda kwake kwa njia yangu na yeye alikuja kwangu kwa njia yake, kila mmoja akaikuta nyumba tupu. Tukaandikiana barua, kila mmoja akamwamuru mwenzake asitoke, na kila mmoja akatoka. Jana Kengele alizungusha barua zote mbili kutwa nzima na maziwa yake, hakukuta mtu hata upande mmoja, akazirudisha leo amenuna. Anasema akili zetu zikitulia tumjulishe.

Tungepishana tena jana, mimi nikija kwa njia yake na yeye akienda kwa njia yangu. Kilichotuokoa ni kichuguu. Njia zote mbili zinakigusa. Nilipofika nikasimamisha mtumbwi, maana mkono wenyewe ulijua kwamba hapo ndipo pa kupumzika. Sijakaa sawasawa, nikasikia upande wa pili mtu anakohoa. Nikazunguka. Baba yako alikuwa ameketi pale Babu yako alipokuwa akiketi, miguu ndani ya maji.

Alinisogezea nafasi nikaketi kando yake. Halafu akaniambia, "Dada, mkuyu upo."

Nikamwambia, "Na jiwe lako lipo, sijaliona bado, lakini lipo."

Hapo baba yako alilia. Anasema nisiandike hivyo, niandike kwamba jasho lilimwingia machoni. Nimeandika alivyosema, na nimeandika nilivyoona.

Tulikaa pale tukitoa kila mtu lake. Mimi nilikuwa na Babu yako wa asubuhi, mwenye vyungu, mkali, aliyenikataza hata kupiga chafya. Yeye alikuwa na Babu yako wa mchana, mtumbwi mtupu, vyungu vimeuzwa, aliyekuwa akiimba. Mwanangu, mimi sikuwahi kumsikia baba yangu akiimba. Nilimwomba Spoku aniimbie, akaniimbia vibaya sana. Naye hakujua kwamba Baba alikuwa akiomba dua kila tulipopita chini ya mkuyu, akiogopa kuvunja hata chungu kimoja, kwa sababu ada ya shule ya mdogo wangu ilikuwa humo vyunguni.

Tulipopata njaa tukagundua kwamba sote wawili tumesahau kubeba chakula.

Ndiyo, tunasahau. Ukija utupime, hatutakimbia. Pengine imeanza kwa mmoja wetu, pengine kwa wote, pengine ni uzee tu kama ulivyoandika. Lakini jana alinipitisha kwenye njia yake, tuta tukalivuka, jiwe nikaliona, na nimelala kwangu na yeye yupo chumba cha pili anakoroma. Jumamosi, maji yakiwa bado yanatosha, mimi nitampitisha kwenye yangu, tupakie cherehani, maana ile ni chuma na haiburutwi. Nitajaribu hiyo meza ya dirishani aliyonitengenezea kwake. Nikiichoka nitarudi, mtumbwi mtupu.

Baba yako anasema niongeze neno moja, na hili silirekebishi. Anasema siku mmoja wetu atakapopotea kweli, asimjue mtu wala asijijue, mwenzake sasa anajua njia ya kumwendea, na anajua njia ya kumrudisha nyumbani.

Wako,
Shangazi na Baba